Njoo Jumanne: Mwongozo wa Danadana kwa Afisa Mpya wa Sumbawanga

Hongera kwa kupangiwa Sumbawanga. Tunajua hukuiomba. Tunajua pia kwamba tangu barua ya uhamisho ikufikie mkononi umeshaianza kazi yenyewe, kwa maana hujaripoti. Kwanza mama alikuwa mgonjwa. Halafu fedha za uhamisho hazijaingia. Halafu kabati lako lilikuwa bado kwa fundi Keko, na mtu hahami bila kabati. Jioni unakaa kijiweni na wenzako, unawapa ile hadithi ya radi ya Sumbawanga inayoagizwa mchana kweupe kumfuata mdaiwa, mnacheka, mwezi unakatika. Vizuri sana. Afisa anayejua kuchelewa kuripoti ana kipaji, na uwanda wa juu wa Ufipa ndiko kipaji hicho kinakokomaa.

Kuhusu radi, ondoa wasiwasi. Zipo, kama zilivyo kwenye nyanda nyingine za juu zenye mvua, na hupiga miti na mabati bila kumuuliza mtu jina. Lau wananchi wangekuwa wanamtumia radi kila afisa aliyewazungusha, ofisi za mji huu zisingebaki na bati hata moja.

Unachohitaji ni makoti mawili. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu meta 1,800, na upepo wa Juni na Julai huku hauna adabu kwa mtu aliyetoka pwani. Koti la kwanza vaa. La pili ni kitendea kazi. Fika saa 1:30 asubuhi, saini daftari la mahudhurio, tundika koti kwenye mgongo wa kiti, fungua jalada lolote mezani, weka juu yake kalamu isiyo na kifuniko, kisha nenda ukanywe supu. Hiyo kalamu usiidharau. Ndiyo inayomwambia mwananchi kwamba umetoka dakika hii hii. Atakayeuliza atajibiwa na jirani yako, “Yupo, katoka kidogo, si unaona koti lake?” Naye atakaa kwenye benchi kwa moyo mweupe, akilitazama koti.

Mbinu hii ina asili yake hapa hapa. Masimulizi ya Wafipa, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyakusanya miaka ya 1960, yanamtaja Ntatakwa, mfalme wa Milansi, aliyekwenda kuwinda akamwachia mkewe kigoda cha enzi na kumsisitiza asimpishe mtu. Wakaja wanawake wageni, Watwa, wenye haiba ya kutisha. Mke akainuka, mgeni akakaa. Mfalme aliporudi alikuta nchi ina wenyewe. Milansi ikabaki na heshima ya matambiko, utawala ukaenda kwa ukoo wa kigeni. Wazee wanaichambua hadithi hii kwa namna nyingi za busara, lakini kwa mtu wa ofisi somo ni moja: Ntatakwa alikosea kumwacha mtu kwenye kiti. Mtu huogopa, hushawishika, huinuka. Koti haliinuki.

Tukija kwenye maneno, sheria ni kwamba usiseme hapana. Hapana ina tarehe na ina msemaji. Ukimwambia mwananchi hapana, anaweza kuandika kwa mkuu wa wilaya, anaweza kumvizia mbunge siku ya mkutano wa hadhara, anaweza hata kwenda zake nyumbani akaanza kufikiria njia nyingine ya kupata riziki yake. Yote matatu yana hasara kwa ofisi. Mtu aliyeambiwa “linafanyiwa kazi” haendi popote. Nani analifanyia? Haijasemwa. Kazi gani? Haijasemwa. Jifunze na ndugu zake: mchakato unaendelea, tunasubiri maelekezo, suala lako lipo mezani, tuko hatua za mwisho. Kwa mambo ya barabara, visima na majengo tumia “upembuzi yakinifu”, kisha ukiona watu wameuzoea, wapandishe daraja kwa “usanifu wa kina”. Uwanja wa ndege wa mji huu ulikaa kwenye hotuba kwa miaka kadhaa kabla katapila halijaonekana, na katika muda wote huo hakuna kiongozi hata mmoja aliyesema haujengwi.

Wachanga husema “njoo kesho”. Hili ni kosa la kitaalamu. Kesho ni karibu mno. Mtu aliyetoka mbali atalala kwa shemeji yake Majengo, na asubuhi utamkuta mlangoni amekutangulia. Mwezi ujao nao ni mbali mno, unamkatisha tamaa, na mtu aliyekata tamaa huwa mkali. Siku nzuri ni Jumanne. Jumatatu kuna kikao, kila mtu anaelewa. Jumatano huanza kuonekana kama umeahirisha. Jumanne inasikika kama siku ya mtu mwenye ratiba. Pia ni mbali kiasi cha kumfanya apande basi arudi kwake, na ni karibu kiasi cha kumfanya asilale vizuri.

Lakini nguvu ya kazi hii haiko kwenye kalenda, iko kwenye salamu. Afisa mkorofi hadumu. Anayedumu ni yule ambaye wananchi wakitoka kwake wanasema, “Huyu kijana ana adabu, kwao walimlea.” Tazama mfano wa mzee aliyepanda kutoka Mtowisa, kule bonde la Ziwa Rukwa. Basi limeupanda ukingo wa bonde kona kwa kona tangu alfajiri, suruali yake ina vumbi hadi magotini, na mkononi ana bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne ikawekwa ndani ya mfuko wa sukari.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Karibu, kaa hapo. Pole na safari. Za Mtowisa?”

“Nzuri tu, tunamshukuru Mungu.”

“Mvua mmepata?”

“Zimeanza, mwanangu. Si mbaya.”

“Na mpunga?”

“Tunaandaa majaruba.”

Usikimbilie jambo lake. Muulize habari za mama, za vijana, za mtendaji wa kijiji kama bado ni yule yule. Zikipita dakika kumi hajataja shida yake, shida yenyewe imeshakuwa ndogo mbele ya undugu mliojenga. Akisema, “Nimekuja kwa lile suala la fidia ya miembe yangu, ile iliyokatwa kupisha barabara,” itikia kwa huzuni. Vuta jalada. Lifungue kutoka nyuma. Geuza karatasi moja moja, ukilowesha kidole, kisha ganda kwenye moja na ukunje uso.

“Mzee wangu, folio namba saba haimo.”

“Hilo ni jambo kubwa, mwanangu?”

“Si kubwa. Ila lazima iwepo.”

“Iko wapi?”

“Itakuwa masjala.”

“Nipite hapo masjala niiulizie?”

“Karani wa masjala yuko msibani Namanyere. Njoo Jumanne.”

Mzee atainuka, atakunja bahasha yake mara nne, atairudisha kwenye mfuko wa sukari na atakushukuru. Mtu akikushukuru kwa kumkosesha haki yake, umefuzu. Nauli ya kurudi Mtowisa si sehemu ya mwongozo huu.

Ndani ya ofisi, kati ya maafisa wenyewe kwa wenyewe, kazi ni rahisi zaidi kwa sababu kuna karatasi ya kuifanya. Inaitwa dokezo sabili. Usipotaka kuamua jambo, andika dokezo sabili kwa mwanasheria: “Naomba ushauri wako.” Mwanasheria ataandika chini yake, “Aanze mhasibu.” Mhasibu ataandika, “Tujadili.” Neno hilo ni kaburi. Haijawahi kuandikwa ni nani wajadili, lini, wala chumba gani. Jalada likirudi kwako baada ya miezi litakuwa limenenepa, na unene wa jalada ni ushahidi kwamba watu wamefanya kazi. Mkaguzi akija atalipima kwa mkono na kutikisa kichwa kwa heshima. Akitaka maamuzi, mwambie mwenye maamuzi yuko Dodoma na hakuacha mikoba kwa mtu.

Utasikia wakongwe wakilalamika kwamba zamani kazi ilikuwa nyepesi, na hawasemi uongo. Barabara ya kutoka Tunduma hadi hapa, zaidi ya kilometa 200, ilikuwa ya udongo. Masika ikifika, lori lilizama hadi kwenye ekseli na basi likalala njiani na abiria wake. Kila barua iliyochelewa, kila mshahara, kila dawa, kila karatasi ya mtihani ilikuwa na sababu moja isiyobishaniwa: barabara. Ofisi nzima ilipumzika juu ya tope lile. Kisha tarehe 17 Februari 2008, Rais Kikwete na Rais Bush wa Marekani wakasaini Dar es Salaam msaada wa dola milioni 698 za Shirika la Changamoto za Milenia, na barabara hii ikawemo. Lami ikamwagwa. Leo mtu anatoka Mbeya asubuhi, mchana yuko Sumbawanga anataka majibu. Hakuna mradi uliotuumiza kama ule.

Tuliyumba kidogo, hatukuanguka. Mungu akaleta mfumo. Mfumo ni bora kuliko tope kwa sababu tope lilionekana, mtu angeweza kwenda kulitazama na hata kulifukua kwa jembe. Mfumo hauonekani. Ukigoma, umegoma. Geuza skrini kidogo ili mwananchi aone kile kiduara kinavyozunguka, umwambie kwa sauti ya mtu anayeumia pamoja naye, “Unaona mwenyewe, mama.” Ataona. Hajui anachokiona, lakini ataona.

Ukitaka kujua mtu anaweza kufika wapi kwa kusogeza tarehe, uvuke mpaka kidogo baada ya maporomoko ya Kalambo uingie Mbala, Zambia, mji ambao wakoloni waliuita Abercorn. Hapo ndipo Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimesimamishwa tarehe 11. Miaka minne alikuwa amewazungusha Waingereza na washirika wao kutoka Tanganyika hadi Msumbiji, akarudi, akachomokea Rhodesia ya Kaskazini, na hakuwa na mpango wa kushinda. Mpango ulikuwa majeshi ya adui yaendelee kumfuata yeye badala ya kupelekwa Ulaya. Vitabu vingi vya kijeshi vinamsifu. Wapagazi waliokufa kwa maradhi na njaa, na vijiji vilivyonyang'anywa nafaka na mifugo na majeshi ya pande zote, havina vitabu vingi hivyo. Katika fani yetu ndivyo inavyokuwa: anayezungusha anapata sifa, anayezungushwa anabeba mzigo.

Na malipo? Mwaka 1964, Lettow-Vorbeck mwenyewe akiwa amefariki mwaka huo huo, Ujerumani Magharibi bado ilikuwa inapitisha fedha za kuwalipa askari wake wazee waliokuwa hai. Kwa hiyo mwalimu akija mezani kwako kulia malimbikizo ya mwaka juzi, mpe kiti na umsimulie historia.

Wajerumani hao hao walituachia somo la kuzika jalada. Meli yao Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, waliizamisha wenyewe Julai 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ikipita Kipili na Kasanga kwa miongo mingi. Zingatia ile grisi. Afisa mjinga hupoteza jalada, na jalada lililopotea huundiwa tume. Afisa mwenye akili hulizamisha likiwa zima, akijua lilipo, ili siku mkuu wa mkoa akiulizia kwa sauti kali liibuke kavu, likifanya kazi, na yeye apongezwe kwa kulipata.

Sasa sehemu ngumu. Kuna mtu mmoja Ufipa ambaye danadana hazimwingii kirahisi, naye ni mkulima, kwa sababu anaishi na kitu kisichosogezwa mbele. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Hakuna vuli ya kusahihisha makosa ya masika. Wafipa walilijua hilo kabla ya ofisi yoyote kujengwa. Masika yakielekea kwisha, wakati watu wengine wanasubiri tu kuvuna, wao hulima majani na kuyafukia kwenye matuta ya duara wayaitayo intumba, majani yaoze, maharage yapandwe juu, na msimu unaofuata tuta litawanywe shambani likiwa mbolea. Yaani mtu anaanza kazi ya msimu ujao kabla msimu huu haujaisha. Ukikaa na mtu wa aina hiyo umwambie mchakato unaendelea, anakutazama kwa macho ambayo hutayapenda.

Kwa mkulima tumia mbolea. Tangu msimu wa 2022/2023 serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea, na mkulima sharti awe amesajiliwa, awe na namba yake, aende kwa wakala. Uzuri wa utaratibu huu kwa fani yetu ni wingi wa milango yake: jina limekosewa herufi, namba haijasoma, simu imebadilishwa laini, wakala amefunga, mzigo uko njiani. Huhitaji kuifunga milango yote. Mmoja unatosha, ukiufunga wiki mbili tu. Mbolea ya kupandia ikimfikia wakati mahindi yamefika magotini, takwimu zitaonyesha kwamba imemfikia. Hakuna safu kwenye fomu inayouliza lini.

Na hii ni siri ambayo wakongwe huwapa wachache. Unapolazimika kumpangia mkulima tarehe ya kusikilizwa, mpangie wiki ya kwanza ya mvua. Mpe barua rasmi, yenye muhuri, ukimtakia maandalizi mema. Hatakuja. Hawezi kuja. Udongo umelowa, mbegu iko ndani, mke na watoto wako shambani, na siku anazopoteza sasa atazilipa mwaka mzima kwenye chungu. Wewe kaa mezani kwako tarehe hiyo, vaa vizuri, ngoja hadi saa 9:30 alasiri, kisha andika kwenye jalada kwa mwandiko safi: “Mhusika aliitwa, hakutokea.” Kuanzia hapo mchelewaji ni yeye. Mkoa wetu huu wa Rukwa ulihesabika tangu zamani miongoni mwa mikoa minne ya kutegemewa kwa chakula nchini, pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma, na ghala la taifa huwategemea watu hawa hawa wa “hakutokea”.

Ukizingatia haya yote utapanda cheo. Utanunua kiwanja Kizwite, utaweka msingi, utazoea baridi, na mwisho utampenda mwalimu mmoja wa Namanyere. Hapo ndipo utakapokutana na mabingwa wenyewe, kwa sababu hakuna masjala duniani inayoweza kushindana na wazee wa ukoo waliopokea barua ya posa. Mshenga wako atakaribishwa vizuri mno. Atapewa kiti chenye mto, ataulizwa maswali kuhusu mvua, kuhusu barabara, kuhusu afya ya mama yako kule Dar es Salaam. Atakula ugali na migebuka. Barua itapokelewa kwa mikono miwili na kuwekwa juu ya kabati, bila kufunguliwa.

“Tumeipokea, mwanetu,” mzee atasema. “Ila baba yake mdogo hajafika. Bila yeye hatuwezi kuifungua.”

“Yuko wapi, mzee wetu, tumfuate?”

“Anaishi Mtowisa. Ila kwa sasa hashikiki, kila wiki yuko njiani. Anafuatilia fidia ya miembe yake.”

“Atapatikana lini?”

“Hilo linafanyiwa kazi. Jaribuni Jumanne.”

Folio namba saba iko droo yako ya chini, chini ya mfuko wa karanga. Mwongozo huu hauna mbinu nyingine ya kukusaidia. Itoe leo, irudishe kwenye jalada, na mpigie mzee simu kabla saa za ofisi hazijaisha.